Maleba ya Kiuno: Kibwebwe, Rafia na Tatizo la "Vazi la Kikabila"

Wahakiki wa sanaa za maonyesho katika Kiswahili wamezoea kuyapa maleba nafasi ya mwisho. Ngoma huchambuliwa kwanza wimbo wake, kisha mapigo, kisha hatua za miguu. Na panapobaki nusu ukurasa mhakiki hutaja kwamba wachezaji "walivaa mavazi ya asili", au "mavazi ya kikabila", akaweka nukta. Ibara hiyo fupi ndiyo inayotushughulisha hapa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vazi la ngoma ya kiuno hueleza kwanza kazi inayofanywa na kiuno, na pili uhusiano uliopo baina ya mchezaji na hadhira yake. Kabila la mchezaji halimo humo, au likiwamo limeingizwa na mtazamaji. Anayelisoma vazi hilo kama kitambulisho cha kabila hulisoma vibaya, na katika mji kama Kolwezi kosa la namna hii haliishii darasani.

Kwa "ngoma ya kiuno" tunakusudia kila mchezo ambao nyonga ndiyo inayoongoza na viungo vingine hufuata: chakacha ya Mombasa na Lamu, michezo ya unyago, mutuashi ya Waluba wa Kasai, kinyago cha Mwana Pwo cha Wachokwe, na pia ule mchezo wa Misri na nchi jirani ambao Wazungu waliupa jina la "densi ya tumbo". Jina hilo la mwisho halifai. Yeyote aliyewahi kuutazama mchezo huo kwa makini anajua kwamba tumbo halina mamlaka pale, linaitikia tu.

Tuanze mbali na kwetu, kwa sababu huko mbali ndiko neno "kikabila" lilikovaliwa waziwazi kuliko mahali pengine popote.

Densi hiyo iliwafikia Wamarekani wengi kwa mara ya kwanza katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893, na tangu hapo imekuwa ikivishwa upya. Vazi la vipande viwili, lenye kumetameta, ambalo watu hulidhania kuwa la kale sana, lilikomaa katika kumbi za starehe za Kairo, hususan ukumbi uliofunguliwa na Badia Masabni mwaka 1926, na lilikopa mengi kutoka katika ndoto za Wazungu juu ya Mashariki. Dhidi ya vazi hilo ulizuka mtindo mwingine huko California. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Jamila Salimpour aliunda kikundi cha Bal Anat kilichocheza katika maonyesho ya uwanjani. Mwanafunzi wake, Masha Archer, akaiendeleza kazi hiyo kwa njia yake. Na mwanafunzi wa Archer, Carolena Nericcio, akaanzisha mwaka 1987 katika mji wa San Francisco kundi la FatChanceBellyDance. Mtindo wa kundi hilo ulienea duniani kwa jina ambalo kwa Kiswahili tungelitafsiri "mtindo wa kikabila wa Kimarekani".

Maleba ya mtindo huo yana utajiri wa kustaajabisha. Mchezaji huvaa choli ya Kihindi iliyo wazi mgongoni, na juu ya choli sidiria iliyoshonewa sarafu. Chini huvaa suruali pana. Juu ya suruali huja sketi yenye marinda mengi, ambayo upindo wake hupimwa kwa yadi 10 na pengine 25. Juu ya marinda hufungwa shali, na juu ya shali mkanda mzito wenye matamvua ya sufu, vioo na simbi. Kichwani huwekwa kilemba kikubwa, au maua. Shingoni na mikononi mapambo ya metali ya wahamaji wa Afghanistan. Vidoleni matuazi madogo.

Tusiwe wepesi wa kucheka. Msomaji akiuliza kila kipande kinafanya nini, atapata jibu. Mtindo huu huchezwa kwa kikundi bila mpangilio ulioandaliwa kabla: aliye mbele hutoa ishara kwa mkono, bega au nyonga, na walio nyuma yake humfuata papo hapo. Wafuasi basi wanahitaji kuiona nyonga ya kiongozi wakiwa nyuma yake, na matamvua marefu ya mkanda huikuza ile hatua ndogo ya nyonga mpaka ikaonekana kutoka hatua nne au tano. Marinda hutangaza mzunguko kabla haujakamilika. Kilemba humrefusha mchezaji na kumlazimisha ashike shingo wima. Matuazi huwapa wote pumzi moja. Maleba haya yana sarufi, tena sarufi inayofanya kazi, na mhakiki mwenye haki hana budi kukiri hivyo.

Kasoro imo katika jina. Choli ya India, metali ya Afghanistan, bizimu za Waberberi wa Maghribi, simbi za Bahari ya Hindi: hakuna kabila lolote duniani lililowahi kuvaa vitu hivi pamoja kwa wakati mmoja. Kabila linalotajwa ni kundi lenyewe la wachezaji, na kivumishi "wa Kimarekani" kiliongezwa ili kusiwe na udanganyifu juu ya asili ya mtindo. Hata hivyo mwaka 2020 Nericcio aliliacha jina hilo kwa sababu ya uzito wa neno "kikabila", na tangu hapo mtindo huitwa kwa jina la kundi lake. Wale ambao tungetarajia walitetee neno hilo mpaka mwisho wamelivua. Sisi wahakiki wa Kiswahili tungali tunaliandika bila kulitafakari.

Neno moja la pembeni juu ya metali. Mapambo mengi ya aina hiyo yanayouzwa kama "fedha" yametengenezwa kwa kile kinachoitwa fedha ya Kijerumani, yaani mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki ambao ndani yake hamna fedha hata chembe. Msomaji wa Kolwezi, anayeona malori ya shaba yakipita mlangoni pake mchana na usiku, ataruhusiwa kutabasamu.

Sasa turudi katika lugha yetu. Kiswahili cha pwani kina akiba ya maneno ya kiuno ambayo wanaleksikografia wameyakusanya lakini wahakiki hawajayatumia. Kibwebwe ni nguo iliyokunjwa na kukazwa kiunoni. Mwanamke hujifunga kibwebwe akenda kucheza, na hujifunga kibwebwe hicho hicho akenda kufanya kazi nzito, na kutokana na hapo tumepata nahau ambayo kila mwanafunzi anaijua bila kujua nguo yenyewe. Masombo na mahazamu ni majina mengine ya mishipi ya nguo. Mkaja ni kitambaa cha kiunoni ambacho mwanamke hufungwa hasa baada ya kujifungua; na neno hilo hilo ndilo jina la zawadi anayopewa mama wa bibi arusi na mwoaji. Utunda ni uzi wa shanga uvaliwao kiunoni chini ya nguo. Njuga ni kengele ndogo za miguuni. Msewe ni vifuko vya majani vyenye mbegu vinavyofungwa miguuni vikalia, na huko Pemba vazi hilo limeupa mchezo mzima jina lake: ngoma ya msewe.

Tazama kwamba katika orodha hii hamna neno hata moja linalotaja kabila. Yapo yanayotaja mahali penyewe mwilini, yapo yanayotaja sauti, yapo yanayotaja hali ya mvaaji: anafanya kazi, amejifungua, ameolewa, anacheza. Lugha imeshafanya uchambuzi wa maleba kabla ya mhakiki kushika kalamu.

Utunda unastahili kutazamwa zaidi. Shanga hizi huvaliwa zisionekane. Husikika, tena na mtu mmoja. Mwanamwali hufundishwa habari zake na somo au kungwi wakati wa unyago, katika mafunzo ya aina ambayo marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana nayo Unguja na duniani kote. Sasa mlinganishe mkanda wa San Francisco. Nao umejaa vitu vidogo vinavyogongana na kulia kiunoni, lakini umetolewa nje, juu ya nguo zote, ili ukumbi mzima uone na usikie. Kipengele ni kile kile: kitu kidogo kinachofuata nyonga na kuipa sauti. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kukisikia, na badiliko hilo peke yake linatosha kukifanya kiwe kitu kingine kabisa.

Badiliko kama hilo limetokea pwani penyewe. Chakacha ilikuwa ngoma ya wanawake mbele ya wanawake, katika arusi, na kibwebwe cha leso kilifungwa mbele ya macho yaliyokijua. Miaka ya 1980 bendi kama Mombasa Roots na Them Mushrooms ziliyachukua mapigo yake mpaka katika hoteli za watalii. Leso ilibaki leso, na fundo lilibaki pale pale nyongani. Hadhira ndiyo iliyobadilika, na mhakiki anayeandika kwamba "vazi la asili lilihifadhiwa" ameona kitambaa akakosa kuona tukio.

Kwetu Kolwezi maneno mengi kati ya hayo hayapo. Hatusemi kibwebwe wala utunda. Tunasema kikwembe, yaani kile kitambaa ambacho watu wa pwani wangekiita leso au kitenge, tunasema mukaba kwa mshipi, tunasema rafia. Wenzetu wa mashariki huweza kuona hapo umaskini wa Kiswahili cha Katanga. Mimi sikubaliani nao. Kikwembe kimoja kinafanya kazi ya maneno manne, na kinachotofautisha kazi hizo ni fundo. Mwanamke huvaa kikwembe cha kwanza kama sketi. Kikwembe cha pili, akikiweka begani, amekwenda kanisani au matangani. Akikifunga mgongoni, amebeba mtoto. Akikishusha chini ya kiuno halisi na kukikaza juu ya mifupa ya nyonga, basi ama anakwenda kuosha mawe ya madini mtoni ama anakwenda kucheza mutuashi. Fundo la kazi na fundo la ngoma ni fundo moja, sawasawa na kibwebwe cha pwani. Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu maana ya "kujifunga kibwebwe", nao ambao hawajapata kuliona neno hilo isipokuwa katika vitabu walisimama na kunionyesha kwa mikono mahali penyewe pa kufunga.

Mutuashi basi. Ni mchezo wa Kasai, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kifua kimetulia, na nyonga inazunguka peke yake kana kwamba imekabidhiwa mtu mwingine. Aliyeupeleka duniani ni Tshala Muana, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1958, ambaye alianza kama mchezaji kabla ya kuwa mwimbaji na ambaye mpaka kufa kwake mwezi wa Desemba 2022 aliitwa Malkia wa Mutuashi. Aliimba kwa Kiluba cha Kasai, lakini waliomcheza hawakuulizwa lugha. Katika arusi za Kolwezi, zikiwamo za Kasulo, mapigo ya mutuashi yakianza utamwona mama wa Kisanga, wa Kilunda, wa Kichokwe, wa Kibemba akikishusha kikwembe chake cha pili mpaka mahali panapotakiwa. Fundo hilo halina cheti cha kuzaliwa.

Nimetaja Kasulo, na kwa wasomaji walio mbali sina budi kueleza. Ni mtaa wa Kolwezi ambao mwaka 2014 iligunduliwa kobalti chini ya nyumba zake. Watu wakachimba uani, wengine sebuleni. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na kukabidhiwa kampuni ya Congo Dongfang Mining, ambayo ni ya Huayou Cobalt ya China, na mamia ya familia zikahamishwa. Habari hizi zimeandikwa sana na watu wa uchumi na wa haki za binadamu. Kwa mhakiki wa sanaa za maonyesho lipo jambo moja dogo la kuongeza: ngoma ya kiuno huchezwa uani, na ua lenye shimo la mita kumi na tano halichezewi. Tunapozungumzia maleba tukumbuke kwamba uwanja nao ni sehemu ya maleba. Nyonga huhitaji ardhi iliyo imara chini ya mguu.

Lakini mtaa wa wachimbaji umetupa pia kitu, nacho ni rafia mpya. Rafia ya asili hutokana na makuti machanga ya mnazi-pori uitwao mwale kwa Kiswahili sanifu. Kutokana nayo Wakuba walifuma zile nguo za sherehe ambazo majumba ya makumbusho ya Ulaya yanagombania, na watu wa Kasai na Wasongye walifuma vipande vya madiba vilivyotumika hata kama fedha. Sketi ya rafia katika ngoma ya kiuno ilikuwa na kazi yake mahususi: nyuzi ni nyepesi, huchelewa kidogo nyuma ya nyonga, na kuchelewa huko huonyesha mwendo mara mbili, kwanza mwili, kisha mwangwi wake. Siku hizi mwale uko mbali na mji. Gunia la plastiki liko karibu, maana ndilo linalobebea mawe ya shaba na kobalti. Nalo, kwa kuwa limefumwa kwa nyuzi bapa, Kifaransa cha biashara huliita gunia la "rafia". Mafundi wa maleba hulifumua gunia hilo uzi kwa uzi, hulipaka rangi au huliacha jeupe, wakafunga nyuzi kwenye kamba ya kiunoni. Neno limebaki, mmea umeondoka.

Wapo wanaosikitika wakiona hivyo, na nimesikia wakisema vazi "limeharibika". Mhakiki hana budi kuuliza tena swali lile lile: linafanya nini? Nyuzi za gunia ni nyepesi kuliko za mwale, hivyo huruka juu zaidi na kurudi upesi zaidi. Mwangwi wa nyonga umekuwa mfupi na mkali. Kelele yake pia ni nyingine, kavu, karibu na ya njuga. Mchezaji mzuri hubadilisha mchezo wake kulingana na hayo: hupunguza mzunguko, huongeza mkato. Hayo ni mabadiliko ya kisanaa na yanastahili kuchambuliwa hivyo. Mwenye kuyaita uharibifu anaomboleza mmea.

Mfano ulio mgumu kuliko yote, na ambao kwa maoni yangu unavunja kabisa dhana ya vazi la kikabila, ni Mwana Pwo. Hapa tunaingia katika jamii ambayo Wazungu walipenda kuiita "kabila lenye sanaa", yaani Wachokwe, walioko Angola, Zambia na huku kwetu upande wa Dilolo mpaka Kolwezi. Mwana Pwo ni kinyago cha msichana, na Pwo ni mwanamke mzima; huwakilisha mama wa ukoo na uzuri wa kike, kikiwa na alama za machozi chini ya macho. Anayekicheza ni mwanamume. Mwili wake wote umefunikwa na vazi la wavu wa nyuzi lililosukwa likambana, kifuani yana matiti ya bandia, na kiunoni amefungwa furushi zito la nguo na nyuzi, aghalabu likiwa na vitu vinavyolia. Hatua zake ni fupi na za heshima. Furushi ndilo linalocheza.

Tulitafakari furushi hilo. Mwanamume hana nyonga ya kike, amejengewa. Na kwa kuwa imejengwa, mjenzi wake amelazimika kujua hasa nini katika nyonga ya mwanamke hutambulika kutoka mbali: uzito, kuchelewa, sauti. Hivyo ni vitu vile vile vitatu tulivyovikuta katika utunda, katika rafia na katika mkanda wa San Francisco. Wanawake wa kijiji hutazama, na wao ndio waamuzi. Mchezaji asiyejua kutembea kama mama mwenye adabu hufedheheka mbele ya wale anaodai kuwafundisha. Marie-Louise Bastin, aliyeitafiti sanaa ya Wachokwe kwa miaka mingi, ameeleza kwamba mchezaji humlipa mchongaji wa kinyago pete ya shaba kama mahari. Amekioa kinyago chake. Mwenye kukumbuka maana ya pili ya neno mkaja ataona kwamba pwani na Lualaba, bila kuambizana, zimefunga kiuno na ndoa kwa fundo linalofanana. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza michezo ya makishi ya Zambia, ambayo Mwana Pwo ni miongoni mwao, kuwa urithi wa binadamu. Ni heri. Ila ni vema tukumbuke kwamba vazi lenyewe husema "mwanamke" kabla ya kusema "Mchokwe", tena linalisema kwa kupitia mwili wa mwanamume.

Kama vazi lisilo na kabila linaweza kuitwa la kikabila huko San Francisco, je, ngoma ya kikabila inaweza kukosa vazi la kikabila? Jibu liko jirani, ng'ambo ya mpaka tu. Mwaka 1951 Clyde Mitchell alitazama huko Luanshya, katika migodi ya shaba ya Zambia ya leo, ngoma iitwayo kalela, akaiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1956. Wachezaji walikuwa vijana wa Kibisa. Nyimbo zao zilisifu Wabisa na kuyadhihaki makabila mengine ya mgodini. Na walivaa nini? Suruali safi za Kizungu zilizopigwa pasi, fulana nadhifu, viatu vilivyong'arishwa. Miongoni mwao alikuwamo "daktari" mwenye joho jeupe lenye msalaba mwekundu, na "nesi" aliyevaa nyeupe, mwanamke peke yake katika kundi, aliyepita akiwaonyesha wachezaji kioo. Kalela ilitokana na beni, ile ngoma ya sare za kijeshi ambayo Terence Ranger aliifuatilia kutoka pwani ya Kenya ya mwisho wa karne ya 19 hadi ndani ya bara. Hapo basi tuna ngoma inayotaja kabila katika kila ubeti, ilhali mwilini mwa mchezaji hamna uzi mmoja wa kijijini. Kabila lilikuwa mdomoni. Vazi lilizungumza juu ya mji, mshahara na heshima.

Haya tunayasema kwa mkazo kwa sababu ya mahali tunapoandikia. Katika Kiswahili kivumishi "-a kikabila" hakiwezi kutenganishwa na nomino "ukabila", na Kolwezi inajua ukabila ni nini. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Kolwezi zamu ilifika mwezi wa Machi 1993. Familia zilizokuwa hapa tangu enzi za Union Minière, watoto wasioijua Kasai ila kwa kusimuliwa, walipandishwa treni. Maelfu kwa maelfu waliondoka, wengine walikufa njiani. Wengi walirudi baadaye, na leo wanaishi na wenzao Kasulo na kwingineko. Katika mji wenye kumbukumbu hiyo, mwalimu au mhakiki anayeandika kwamba kikwembe kilichofungwa nyongani ni "vazi la kikabila la Wakasai" amempa mtu lebo ambayo yeye mwenyewe hakuivaa. Alivaa kikwembe. Alikifunga hivyo kwa sababu mapigo yalimtaka afunge hivyo, na jirani yake Msanga alifunga vivyo hivyo.

Tungetarajia vikundi vya ngoma vya mjini viwe vya kwanza kulikataa neno hilo. Mambo ni kinyume. Tangu Kolwezi iwe makao makuu ya mkoa wa Lualaba mwaka 2015, sherehe za uzinduzi zimeongezeka, na kila sherehe hutaka kikundi, na kila anayealika hutaka "mavazi ya kikabila". Kikundi chenye njaa hakibishani. Matokeo yake ni sare moja ambayo sasa huonekana kwa wote, wacheze ngoma ya Kilunda, ya Kisanga au mutuashi: sketi fupi ya kitambaa cha kiwandani chenye madoa ya chui, kitambaa kama hicho hicho kifuani, utepe wa simbi za plastiki kichwani, chokaa usoni. Hatuna ugomvi na plastiki, kama tulivyokwisha kusema juu ya magunia. Hatuna ugomvi hata na chui, ingawa waliokuwa watu wazima zamani za Zaire wanaikumbuka kofia ya mtu mmoja wakiyaona madoa hayo, na wana haki ya kuchoka nayo.

Ugomvi wetu ni wa kiufundi. Sketi hiyo imeshonewa mpira kiunoni juu kabisa, karibu na kitovu, ili iweze kuvaliwa na msichana yeyote wa kikundi, mwembamba au mnene, bila fundo. Haina uzito, haina matamvua ya kuchelewa, haina kinacholia. Mchezaji, hata awe hodari namna gani, akikata kiuno kitambaa kinabaki pale pale kilipo, na hadhira iliyokaa chini ya turubai inalazimika kukisia kwamba nyonga imetembea. Katika sherehe moja ya namna hiyo nilimwona msichana wa mstari wa nyuma amejifunga kikwembe cha kawaida juu ya sketi hiyo, chini, juu ya mifupa. Kiongozi wa kikundi alimwamuru akivue kabla ya wageni kufika.